Benchi la Waliotoka Zamu

Kavata alisikiliza historia ya kanisa lake ikisomwa mwanzo hadi mwisho bila kukohoa hata mara moja, na kwa waliomjua hiyo ilikuwa dalili mbaya. Kamati ya jubilii ilikuwa imekaa katika ofisi ya mchungaji, chai ikipoa vikombeni, na Bedan, mwenyekiti wao, alikuwa akisoma kwa ile sauti yake nzuri ya mikutano. Historia ilisema kwamba miaka hamsini iliyopita wazee wenye maono waliona kiu ya kiroho ya wakazi wa Thika, wakapiga magoti, wakaanzisha Kanisa la Methodisti hapa karibu na Eneo la Viwanda. Ilikuwa historia iliyooga na kupakwa mafuta. Ungeweza kuipeleka kwa kanisa lolote, Juja, Ruiru, popote, ukabadilisha jina na ikawatosha.

"Mama Kamene, wewe ndiye utaisoma siku yenyewe," Bedan akamaliza, akimsukumia Kavata karatasi. "Kati ya wale wa kwanza umebaki wewe. Ni heshima yako."

"Asante," Kavata akasema. "Na usingizi uko wapi?"

"Usingizi gani?"

"Huo tulianza nao."

Mtu mmoja alicheka ndani ya kikombe. Mchungaji Janice, mwanamke kijana aliyehamishiwa kwao Januari, akatazama sura moja hadi nyingine akitafuta mahali pa kushika. Wamethodisti huhamisha wachungaji wao pale tu waumini wanapoanza kuwazoea, kwa hiyo maskini alikuwa bado hajajua nani amemkosea nani.

"Hiyo si ya kusomea Askofu," Bedan akasema. "Na tukiwa hapo hapo, kuna jambo la benchi. Siku hiyo tunarushwa moja kwa moja kwa Facebook. Nimealika watu wangu wa Ruiru. Hatuwezi kuweka Askofu hapo mbele aangalie watu wakikoroma."

Benchi lenyewe lilikuwa safu ya kwanza kabisa, upande wa kushoto wa mimbari, refu kuliko mengine, lisilo na mikono ya kukuzuia kujinyoosha. Mbao zake zilitoka kwenye makreti yaliyoleta mashine za kufuma zamani zile, na nyuma yake bado ungeona herufi nyeusi za bandarini zikikataa kufutika. Kila mtu wa kanisa lile alijua sheria zake, hata watoto, kwa sababu waliofinywa wakicheka hawakusahau. Anayetoka kazini usiku huja moja kwa moja na nguo zake za kazi, hukaa hapo, na akilala hakuna wa kumwamsha. Mhubiri akimwona amelala hushusha sauti. Wimbo wa baada ya mahubiri huanza taratibu, watu wakiwa wamekaa, ubeti wa kwanza wote, ili usingizi umtoke mtu kidogo kidogo. Ndipo husimama na kuimba hadi mabati yatetemeke.

"Hilo benchi ndilo kanisa," Kavata akasema. "Haya mengine yote ni viti tu."

"Mama Kamene."

"Ndio hivyo. Ondoa benchi, ubaki na ukumbi wa harusi."

Bedan aliivua miwani yake. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye nyumba za kupangisha Ruiru na mvi zilizompendeza, na kwa kawaida hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Hata sasa hakuipandisha.

"Baba yangu alikufa kwa hilo benchi," akasema. "Mnajua wote, na hakuna siku mmewahi kulitaja. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwona amelala vibaya, nikamshika mkono nimwamshe, mkaniambia shhh, mwache baba, ametoka naiti. Mkahubiri. Mkatoa sadaka. Mkaimba mkiwa mmekaa, mkaimba mkiwa mmesimama. Na mimi nimekaa kando ya maiti nikinyamaza, kwa sababu nimeambiwa kunyamaza ni adabu."

Hakuna aliyegusa chai tena. Mchungaji Janice alifunga macho. Kavata naye, ambaye ulimi haukuwahi kumwishia tangu azaliwe, aliinamia karatasi yake, kwa sababu kila neno la Bedan lilikuwa kweli na yeye alikuwepo.

Basi ikaamuliwa kwamba benchi litawekwa stoo, nyuma ya jikoni, hadi jubilii ipite. "Baada ya hapo tutaona," mchungaji akasema kwa upole. Kavata alikuwa amekaa kwenye kamati za kanisa miaka mingi. Alijua kwamba "tutaona" ya kanisa ni kaburi lisilo na msalaba.

Alimfikia Bedan getini, akiwa anafungua gari.

"Ya baba yako nakubali yote," akamwambia. "Tulikosea, na hatukukuomba msamaha. Lakini si benchi lililomuua, Bedan. Kiwanda kilimfanyisha zamu mbili mbili wiki nzima. Benchi lilimpokea tu."

"Mama Kamene, usinifundishe baba yangu."

"Sikufundishi. Nakukumbusha. Mamako Magdalene alikaa hapo hapo Jumapili iliyofuata, na nguo zake nyeusi. Watu walitaka kulichoma. Akawaambia walichome na yeye akiwa juu yake."

"Mamangu alikuwa na nguvu," Bedan akasema. "Mimi nilikuwa mtoto."

Akaingia garini akaenda zake. Kavata alibaki na historia safi mkononi, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mkoba pamoja na nyanya.

Hebu niseme jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa karatasi ile haikusema. Kavata alikuja Thika msichana, kutoka upande wa mashariki ambako mvua huahidi tu, akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Siku hizi kiwanda hicho ni maghala ya kukodishwa, lakini wakati huo kilikuwa kikiunguruma mchana na usiku. Waliofanya zamu ya usiku walitoka Jumapili alfajiri, macho mekundu, nywele zimejaa pamba. Wakanawa uso na kwenda kanisani, kanisa kubwa la mjini, maana walilelewa hivyo. Huko kulikuwa na mzee mwenye fimbo ndefu ya mwanzi, kazi yake ni kuwadunga wanaosinzia. Siku moja alimdunga Kinyanjui ubavuni, kijana wa idara ya rangi, kisha akamwamuru asimame mbele ya watu wote aone haya.

Kinyanjui alisimama. Mikono yake ilikuwa buluu hadi kwenye viwiko, rangi ya wiki hiyo. "Mzee," akasema, "mimi nimefanya kazi usiku kucha. Mungu mwenyewe alipumzika, na yeye hakuwa na supavaiza." Akachukua kofia, akatoka. Kavata alimfuata kabla hajajua kama miguu yake imekubali, na nyuma yake wengine wa zamu wakatoka pia, wote, na mlango ukagonga ukuta.

Jumapili iliyofuata walikutana kwenye kivuli cha ghala karibu na reli, wakijifanya hawajui la kufanya. Fundi mmoja wa mashine, Kyalo, alikuwa mhubiri wa Methodisti aliyeandikishwa, mwenye Biblia yake na ruhusa yake. Aliwatazama walivyojilaza juu ya magunia. "Nyinyi laleni," akasema. "Mimi nitahubiri. Mwenye masikio akiamka atasikia." Akahubiri kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto mgonjwa, na Kavata, kabla hajalala, aliwaza kwamba hakuna mtu aliyewahi kuongea naye hivyo tangu ashuke kwenye basi. Hapo ndipo kanisa lilipoanzia. Hakuna mzee mwenye maono aliyepiga magoti. Kulikuwa na watu waliochoka, na mmoja aliyekubali wachoke.

Kavata alipofika nyumbani Makongeni, binti yake Kamene alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Kamene alikuwa akipakia biskuti kiwandani, usiku, miaka sasa. Alisikiliza habari ya benchi huku akifunga kitambaa kichwani.

"Mwaitu, waachie," akasema. Alimwita mamake kwa Kikamba alipotaka kumtuliza. "Askofu akija mara moja tu, si kitu. Nitakuja hapa nilale."

"Hapa wapi?"

Kamene alikaza fundo la kitambaa. Mtoto wake mdogo alikuwa akiruka kitandani. Upande wa pili wa ukuta jirani aliwasha mashine yake ya kuchomelea, na mwanga wa buluu ukaingia kwenye nyufa na kutoka. Jirani yule hakujua Jumapili na hakujua Jumatatu.

"Hapa," Kavata akasema. "Umesikia mwenyewe."

"Lakini Bedan ana uchungu wake."

"Anao. Na wewe una usingizi wako. Mbona uchungu wake upewe kiti mbele na usingizi wako upelekwe stoo?" Alikuwa amekasirika hadi sufuria ilimponyoka. Alimpenda Bedan, alimbeba mgongoni siku ile ya mazishi, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Angekuwa mtu baki angemtukana ikaisha.

Siku ya jubilii ilifika na jua lake. Mahema yalijaa uwanja, viti vya plastiki vimevishwa nguo nyeupe na kufungwa riboni kiunoni, keki ya ghorofa imesimama chini ya wavu wa kuzuia nzi. Kanisani, mahali pa benchi, palitandikwa zulia jekundu na kuwekwa shada la maua ya kukodi. Askofu alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, ingawa alipewa viwili. Bedan alikuwa na cha tatu. Ndiye aliyeongoza shughuli, amevaa suti ya rangi ya kahawa, akikaribisha hawa na wale, na ukweli usemwe, aliifanya vizuri.

Kavata alikuwa amewekwa mbele, kwenye kiti chenye riboni, karatasi mkononi. Hakuwa amepanga lolote. Alikuwa amelala vibaya na kuamka akiwa ameshindwa, na alijiambia kwamba ataisoma historia ile kama anavyosoma mtu bili ya stima, akae chini, ale keki.

Kisha akageuka kutazama nyuma, kupitia mlango uliokuwa wazi.

Watu wa zamu walikuwa wamefika. Wasichana wa biskuti wakiwa na makoti yao meupe, Wambua mlinzi na koti lake zito, wengine wa kiwanda cha juisi, viatu vya mpira bado miguuni. Wakaribishaji waliwazuia mlangoni kwa tabasamu, wakiwaonyesha hema la mwisho, lile la karibu na vyoo, ambalo viti vilikuwa vimekwisha. Hawakubishana. Walisimama nje, kwenye ukuta wa vyoo, wamejipanga, wakiwa na haya ya kuonekana. Kamene alikuwa katikati yao, na Kavata alimwona akisinzia akiwa amesimama wima, kichwa kikianguka na kushtuka, kikianguka na kushtuka, huku mkaribishaji mmoja akimgusa mkono kumwambia asisimame njiani.

"Na sasa," Bedan akasema kwenye kipaza sauti, "tumwalike mama yetu Kavata, atusomee historia ya kanisa hili."

Makofi yakapigwa. Kavata aliinuka, akaiacha karatasi juu ya kiti, na badala ya kupanda mimbarini akaenda moja kwa moja hadi mlango wa kando, akatoka. Makofi yakafifia kwa aibu. Watu wenye huruma walidhani mama mzee amebanwa na haja, na kwaya, ambayo ilikuwa na akili, ikaanza wimbo wa kujaza nafasi.

Alizunguka hadi ukutani kule nyuma. "Wambua," akasema. "Kamene. Nyinyi wote. Njooni mnisaidie kubeba historia."

"Mwaitu, usituaibishe," Kamene akanong'ona.

"Wewe umesimama karibu na choo siku ya kanisa lako, halafu mimi ndiye nakuaibisha? Shika upande ule."

Stoo haikuwa imefungwa. Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa tatu walipoingia na benchi mabegani, kama wabeba jeneza, na wimbo ukafa mdomo mmoja baada ya mwingine. Mkaribishaji alijaribu kusimama njiani. Alitazama uso wa Kavata, akakumbuka ana shughuli mahali pengine. Walisogeza shada la maua. Walikanyaga zulia jekundu kwa viatu vya mpira, wakalivuta kando na kuliweka benchi mahali pake, na miguu yake ikaingia sawasawa kwenye mashimo iliyochimba yenyewe sakafuni kwa miaka yote ile.

Kavata alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Askofu, kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa nisome historia ya kanisa," akasema. "Ndiyo hii. Sisi tulifukuzwa mahali kwa sababu ya kusinzia, tukaja hapa tulale mbele ya Mungu bila kudungwa fimbo. Mengine mtasoma kwenye karatasi, iko pale kitini."

Akarudisha kipaza sauti. Akavua viatu vyake vizuri, akavipanga chini ya benchi, akaketi, akaegemea nyuma na kufumba macho. Wenzake walisitasita. Kisha Wambua akaketi, na wale wa juisi, na wasichana wa biskuti wakibanana, na Kamene wa mwisho, kando ya mamake. Kamene hakuigiza. Kichwa chake kiligusa bega la mamake na papo hapo akawa ameondoka, mdomo wazi.

Kavata alisikia viatu vya Bedan vikishuka kutoka jukwaani, vya ngozi, vyenye hasira. Alijiandaa. Kama ni kuburutwa, waburute, Facebook nayo ione.

"Mama Kamene," Bedan akaanza, na sauti yake ikatoka ya chini.

Hakukusudia. Kipaza sauti kilikuwa mkononi, hasira ilikuwa kifuani, lakini mbele yake kulikuwa na watu wamelala kwenye benchi lile, na koo lake lilikuwa limefundishwa jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Alijaribu tena. Mnong'ono tena. Pale nyuma mama mmoja alimfinya mtoto aliyetaka kucheka.

Kavata alifungua jicho moja, kidogo tu. Akamwona Bedan amesimama mwanzo wa benchi, mbele ya Wambua, ambaye naye sasa alikuwa amelala kweli, kidevu kifuani, ameinama upande kwa namna isiyopendeza. Bedan alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Alizima kipaza sauti. Akainama, suti na yote, akaweka nyuma ya kiganja chake karibu na pua ya Wambua, kama mama anavyomfanyia mtoto mchanga. Alingoja. Kisha akasogea kwa aliyefuata, akafanya hivyo hivyo, na kwa aliyefuata. Askofu alikuwa amesimama, akitaka kusema kitu. Mchungaji Janice alimshika mkono wa joho akatikisa kichwa, na hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolifanya katika kanisa lile ambalo halikuhitaji kamati.

Bedan alikagua benchi zima. Alipofika kwa Kamene alikaa sana, hadi alipoona koti lake likipanda na kushuka. Kisha akaja kwa Kavata, akainua kiganja.

"Niko hai, Bedan," Kavata akasema bila kufungua macho. "Wote tuko. Na kama ungetaka kutuamsha, siku hizi hakuna wa kukukataza."

Kavata alisikia pumzi ya Bedan, nzito, ya mtu anayepanda kutoka mto Chania na gunia. Alingoja aguswe. Badala yake akasikia benchi likilia upande wa mwisho, pale ambapo Kinyanjui, baba yake Bedan, alipenda kukaa, kwa uzito wa mtu mmoja zaidi.

"Baba Askofu," Bedan akasema kutoka hapo alipoketi, kwa sauti ile ile ya chini, lakini kila mtu alisikia. "Sisi hapa, watu wa zamu wakiwa wamelala, huwa tunahubiri polepole. Kama haiwezekani, tutaelewa. Lakini hawa hawatoki."

Wageni wa Ruiru waliguna. Askofu alitazama vipaza sauti vyake viwili. Ukimuuliza Kavata leo ni nini kilichohubiriwa siku ile ya jubilii, atakwambia hana habari, waulize wa Facebook. Alikumbuka tu kwamba kitu fulani kilizimwa, na mtu mkubwa akaanza kuongea kama anayezungumza na mtoto mgonjwa, na bega lake likawa zito kwa kichwa cha binti yake, naye akalala.

Aliamshwa na mkono. Ubeti wa kwanza ulikuwa ukiimbwa taratibu, watu wote wamekaa, na Bedan alikuwa akipita kwenye benchi, akiwagusa mabega mmoja mmoja, machozi yakimtiririka bila kufutwa.

"Amkeni," alikuwa akisema kwa kila mmoja. "Amka, mama. Amka, mzee. Amka, ubeti wa pili tunasimama."